Kikohozi kikavu, chupa mbili za dawa na INR ya 6.4: uchambuzi wa kisa

Kisa hiki kinamhusu mama aliyekuwa akitumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa ajili ya moyo na fluoksetini kwa ajili ya sonona. Alishikwa na kikohozi, akaenda kununua dawa ya maji dukani kama ambavyo mtu yeyote angefanya. Siku sita baadaye alikuwa wodini akitetemeka, jasho linamtiririka na fizi zinatoka damu. Nimekiandika kwa ajili ya wenzangu tunaotoa dawa dirishani, wauguzi na matabibu wa zamu, pamoja na familia zenye mtu wa dawa za kila siku nyumbani. Jina, mji, umri kamili na kila kinachoweza kumtambulisha kimeondolewa. Nitamwita Mama N.

Historia ya mgonjwa

Mama N. ni mjane wa miaka hamsini na ushee, mkazi wa pwani ya Tanzania, anaishi na binti yake mkubwa na wajukuu. Homa ya baridi yabisi aliyougua utotoni ilimwachia valvu ya mitrali (mmoja wa milango ya moyo) iliyobana, na kwa miaka kadhaa moyo wake unapiga bila mpangilio. Katika hali hiyo damu huzubaa kwenye chumba cha juu cha kushoto cha moyo na kuganda. Bonge likichomoka linaweza kufika kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Ndiyo maana yupo kwenye warfarini, ambayo hulizuia ini kutumia vitamini K kutengeneza protini za kugandisha damu.

Mara nyingi ndugu huuliza kwa nini wagonjwa wa namna hii wasipewe dawa mpya zisizodai kupima damu kila mara. Jibu lipo: utafiti wa INVICTUS, uliochapishwa mwaka 2022 na uliohusisha wagonjwa wa moyo wa baridi yabisi wakiwemo wa Afrika, ulionyesha kwamba waliotumia dawa za kundi la warfarini walifariki wachache kuliko waliopewa rivaroksabani, mojawapo ya hizo mpya. Kwa hiyo warfarini tutaendelea kuishi nayo, na usumbufu wake pia.

Usumbufu wenyewe ni INR, kipimo kinacholinganisha muda ambao damu ya mgonjwa inachukua kuganda na muda wa mtu asiyetumia dawa. Asiyetumia huwa karibu na 1. Lengo la Mama N. lilikuwa kati ya 2 na 3. Ikishuka chini ya hapo kiharusi kinanyemelea, na ikipanda kupita 4 hatari ya kuvuja damu inakua haraka.

Kwenye kadi yake ya kliniki ya moyo ziliandikwa dawa tatu: warfarini 5 mg, atenololi ya kutuliza mapigo na furosemidi ya kupunguza maji mwilini. Mbili hazikuwapo. Ya kwanza ni enalaprili, aliyoanzishiwa miezi miwili kabla kwenye zahanati ya mtaani baada ya presha kuonekana imepanda. Ya pili ni fluoksetini 20 mg, aliyoanzishiwa miezi minne kabla na kliniki ya afya ya akili ya hospitali nyingine. Baada ya kufiwa na mume alikuwa halali, hali, na hakutaka kuongea na mtu. Dawa ilimsaidia sana. Alianza kupika tena na kurudi kwenye kikoba chake. Lakini watoto wake hawakujua kwamba anaitumia. Alikuwa akiificha ndani ya pochi, imefungwa kwenye kitambaa.

Kadi ile ilikuwa na dalili ambayo haikufuatiliwa. Kwa muda mrefu INR yake ilikuwa kati ya 2.3 na 2.6. Kisha, bila sababu iliyoandikwa, ikafika 3.4. Alipoulizwa kuhusu mboga akasema kweli siku hizi mchicha na kisamvu anakula kidogo, na maelezo hayo yakakubaliwa. Dozi ikapunguzwa kwa kumpa nusu kidonge siku mbili za wiki, INR ikarudi 2.8. Ukipanga tarehe, kupanda kule kulianza wiki chache baada ya kidonge cha kwanza cha fluoksetini.

Mtiririko wa matukio

Kikohozi kilianza kidogokidogo. Kilikuwa kikavu, kinamwasha kooni, na usiku kinazidi. Hakikuwa na homa wala makohozi. Binti alimchemshia tangawizi na kitunguu saumu kwa asali, wakapiga nyungu kwa majani ya mwarobaini, kikohozi kikabaki palepale. Katika wiki ya pili Mama N. akaenda duka la dawa lililo karibu na kwao. Mazungumzo, kama alivyotusimulia mwenyewe, yalikuwa hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nipatie dawa ya kikohozi, usiku silali."

"Kikavu au kinatoa makohozi?"

"Kikavu."

"Una presha, sukari au vidonda vya tumbo?"

"Presha ninayo."

"Kuna dawa nyingine yoyote unayotumia?"

"Ni hizohizo za presha."

Yule binti wa dukani hakuwa mzembe, na hili nalisisitiza. Aliposikia presha aliacha dawa zenye feniliefrini na pseudoefedrini, ambazo hubana mishipa na kupandisha presha, akachagua chupa ya mililita 100 yenye dekstromethofani ya kuzima kikohozi, 10 mg, na klofenirami ya mzio katika kila mililita 5. Maelekezo yalikuwa mililita 10 mara tatu kwa siku. Kwa mgonjwa wa presha asiye na kingine, ule ungekuwa uamuzi mzuri.

Chupa ya kwanza iliisha kwa siku tatu. Kwa kukohoa sana, mbavu zikaanza kuuma, akawa anakunywa parasetamoli vidonge viwili mara tatu kwa siku, yaani gramu 3 kila siku. Siku ya tatu alimtuma mjukuu duka jingine. Mtoto akarudi na chupa nyingine ya aina ileile pamoja na vidonge vya mafua vyenye aspirini na kafeini, ambavyo havikuulizwa wala kuombwa. Aliambiwa tu "vinasaidia". Chupa ya pili aliipiga mafunda moja kwa moja kutoka mdomoni mwa chupa, usiku zaidi, ikaisha kwa siku mbili.

Siku ya tano hakulala kabisa. Alikuwa anazungukazunguka chumbani, anaanza sentensi na kuiacha. Siku ya sita asubuhi aliharisha mara nne, mikono ikawa inatetemeka kiasi cha kumwaga chai, na alipopiga mswaki damu ya fizi haikukoma. Binti aliona pia michubuko ya zambarau mapajani ambayo mama hakukumbuka kujigonga. Wakaja hospitali.

Alipofika hospitali

Ilikuwa zamu yenye watu wengi. Joto lilikuwa 37.9, presha 158/94, mapigo 124 yasiyo na mpangilio. Kipimo cha haraka cha malaria hakikuonyesha kitu. Maelezo ya kwanza kwenye faili yalisema: kuhara, mwili kutetemeka, maumivu ya mbavu, damu kwenye fizi, anatumia dawa za moyo. Wakati majibu ya INR yakisubiriwa, liliandikwa agizo la dawa nne: maji ya chumvichumvi ya kunywa, metronidazoli kwa ajili ya kuhara, tramadoli kwa ajili ya mbavu, na sindano ya diklofenaki ya msulini ili kuharakisha nafuu.

Tatu kati ya hizo nne zingemdhuru. Metronidazoli hukizuia kimeng'enya cha ini kiitwacho CYP2C9, kinachoivunja warfarini, na ni miongoni mwa dawa zinazopandisha INR vibaya kuliko zote tunazotoa kila siku. Tramadoli huongeza serotonini, kemikali ya mawasiliano ya neva ambayo ikizidi huwa sumu. Diklofenaki hukwaruza tumbo na kudhoofisha chembe sahani, zile chembe za damu zinazoziba jeraha, tena sindano ya msulini kwa mtu mwenye damu isiyoganda inaweza kuacha bonge la damu ndani ya nyama ya paja. Agizo lilipofika dirishani, mfamasia aliona neno warfarini kwenye kadi iliyobanwa nyuma ya faili, akalizuia na kwenda wodini. Majibu ya INR yalitoka muda mfupi baadaye: 6.4.

Hapo damu ilikuwa imepata maelezo, lakini mtetemo na kuhangaika bado. Warfarini haimfanyi mtu atetemeke. Binti alikuwa amekuja na dawa ndani ya mfuko wa khaki, akazimwaga kitandani: warfarini, atenololi, furosemidi, paketi ya enalaprili, vidonge vya mafua, chupa mbili tupu. Kwenye lebo ya chupa, chini ya picha ya mtu anayekohoa, maandishi madogo ya Kiingereza yalisomeka "Dextromethorphan hydrobromide 10 mg". Dawa hiyo peke yake, kwa kiasi alichokunywa, haikutosha kuleta hali ile. Lazima kulikuwa na nyingine.

Mfamasia alimwomba binti aende kufuatilia majibu ya maabara, akavuta pazia, akainama karibu na mgonjwa. Hakumuuliza tena "dawa nyingine unatumia?". Alisema: "Mama, kuna watu wengi hapa wanatumia dawa za kutuliza mawazo au za usingizi, na wengine hawapendi nyumbani wajue. Kama unayo, niambie mimi tu, kwa sababu inaweza kuwa inagombana na dawa ya kikohozi." Mama N. alinyamaza, kisha akanyoosha mkono kwenye pochi.

Daktari alirudi na nyundo ndogo. Magoti yaliruka mara tu yalipoguswa, zaidi ya mikono. Kisha akaushika unyayo wa kulia na kuusukuma juu kwa nguvu mara moja, akaushikilia hapo. Mguu ukaanza kupiga wenyewe kwenye kiganja chake, tap-tap-tap, mapigo sita au saba kabla ya kutulia. Mboni za macho zilikuwa zimepanuka, tumbo linanguruma, ngozi imelowa jasho.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuutaja ugonjwa. Vigezo vya Hunter, vilivyochapishwa mwaka 2003 kutokana na kumbukumbu za wagonjwa waliozidisha dawa huko Newcastle, Australia, vinasema hivi: mtu aliyetumia dawa inayoongeza serotonini, akawa na mpigo wa kifundo cha mguu unaoanzishwa kwa kusukuma, pamoja na kuhangaika au jasho jingi, ana sumu ya serotonini. Havidai maabara. Vinadai mkono wa daktari, nyundo, na orodha kamili ya dawa. Kulikuwa na hoja kwamba mboni pana na kuchanganyikiwa vilitokana na klofenirami iliyokuwemo kwenye chupa ileile. Tulikubaliana kwamba hapana: klofenirami ikizidi hukausha ngozi na kulaza utumbo, naye Mama N. alikuwa ameloa na anaharisha.

Uamuzi wa pili ulichukua muda zaidi. Mtu mwenye INR ya 6.4 ambaye hazungumzi sawasawa anaweza kuwa anavuja damu ndani ya kichwa, na kupata maelezo mazuri ya serotonini hakufuti uwezekano huo. Wapo waliotaka tusubiri tuone akitulia kwa dawa, kwa sababu ya gharama ya CT (picha ya ndani ya kichwa) na kwa sababu kila dalili ilikuwa imepata mahali pake. Daktari bingwa alikataa kusubiri. Nilikuwa upande wake wakati ule na niko upande wake leo: ubongo unaovuja haukupi nafasi ya pili. CT ilifanyika siku ileile, na ubongo ulikuwa salama.

Kuhusu damu: warfarini ilisimamishwa, aspirini ikaondolewa, akapewa vitamini K 2 mg kwa mdomo. Kiasi hicho kilizua mjadala, kwa sababu ampuli iliyokuwa karibu ilikuwa ya 10 mg na mazoea ni kuimimina yote. Dozi kubwa kama ile huifanya warfarini isishike kwa siku nyingi baadaye, na huyu ni mgonjwa ambaye bonge la damu linamsubiri kwenye moyo. Tulitumia ampuli mbili za 1 mg, zilezile wanazopewa watoto wachanga wodi ya wazazi. Angekuwa anatapika damu au CT ingeonyesha damu, tungeenda na dozi kubwa ya mshipani pamoja na plazima, maji ya damu yenye protini za kugandisha, bila kusita.

Kuhusu serotonini: fluoksetini na dawa ya kikohozi zilisimamishwa, akapewa diazepamu, dawa ya kutuliza, ya mshipani kidogokidogo hadi mtetemo upungue. Maji ya mshipani yalipimwa kwa uangalifu, kwani valvu iliyobana haivumilii mwili kujazwa maji. Ilikubaliwa kwamba asipotulia apewe siproheptadini, ambayo huzuia vipokezi vya serotonini. Dawa hii ipo karibu kila duka kwetu, kwa sababu watu huinunua kuongeza hamu ya kula na kunenepa, matumizi ambayo siyapendi hata kidogo. Safari hii haikuhitajika. Wodini pia kiliandikwa kibandiko kwa herufi kubwa juu ya faili: HAKUNA SINDANO YA MSULINI.

Uamuzi wa mwisho ulikuwa kurudi kwenye kikohozi. Alipimwa TB, picha ya kifua ikapigwa kuangalia kama mapafu yamejaa maji kutokana na valvu. Vyote viwili havikuonyesha tatizo. Ikabaki enalaprili. Kundi hili la dawa za presha huleta kikohozi kikavu kwa sehemu ya watumiaji, wanawake zaidi ya wanaume, na kinaweza kuanza miezi baada ya kidonge cha kwanza. Ikabadilishwa kuwa losartani, dawa ya presha ya kundi jingine.

Matokeo

Mtetemo ulipungua sana ndani ya saa 24, lakini mpigo wa kifundo ulionekana hadi siku ya tatu. Hilo lilitarajiwa: fluoksetini na zao lake mwilini hukaa siku nyingi, hivyo dalili huchelewa kuisha kuliko ilivyo kwa dawa nyingine za kundi lake. INR ilishuka hadi 3.1 siku iliyofuata na 2.2 siku ya tatu, warfarini ikarudishwa. Fizi zilikauka. Aliruhusiwa baada ya siku tano. Kikohozi kilipungua polepole na kufikia wiki ya tatu kilikuwa kimekwisha, bila tone la dawa ya kikohozi.

Sonona haikuachwa hivihivi. Tabibu wa afya ya akili alikuja wodini na kueleza wazi kwamba kumwacha mama huyu bila tiba ni kumrudisha alikotoka. Baada ya wiki kadhaa alianzishiwa sertralini, ambayo haiigusi warfarini kwenye ini kwa kiasi cha fluoksetini, ingawa hatari ya damu haijaondoka. Kadiri fluoksetini ilivyoendelea kutoka mwilini, INR ilishuka hadi 1.8, ikabidi arudi kwenye 5 mg kila siku. Kushuka huko kulithibitisha kilichoipandisha miezi ile, na mchicha ukaondolewa lawama.

Uchambuzi: dawa zilikutana wapi

Kuna migongano miwili tofauti hapa, na ni vizuri kutoichanganya.

Wa kwanza ni wa dekstromethofani na fluoksetini. Dekstromethofani huvunjwa na kimeng'enya cha ini kiitwacho CYP2D6. Fluoksetini hukizuia kimeng'enya hicho kwa nguvu, kwa hiyo kila kijiko kinakaa mwilini muda mrefu na kinachofuata kinajumlishwa juu yake. Kisha dawa zote mbili huzuia serotonini kurudishwa ndani ya seli za neva. Fanya hesabu: chupa ya mililita 100 ina 200 mg. Hata siku mbili za mwisho, alipokuwa anapiga mafunda, Mama N. alikunywa takriban 100 mg kwa siku. Alizidisha kilichoandikwa kwenye lebo, lakini hakufika 120 mg, kiwango cha juu kabisa kinachotajwa kwa mtu mzima. Anayetafuta mgonjwa "aliyezidisha dawa" hatampata. Tena wapo Waafrika wengi wenye aina ya jeni inayofanya CYP2D6 ifanye kazi taratibu hata bila fluoksetini.

Wa pili ni wa damu, na huo ulikuwa na mikono mingi. Fluoksetini ilikuwa imeisogeza INR juu tangu mwanzo. Parasetamoli ya gramu 3 kwa siku kadhaa iliisogeza zaidi. Bado ndiyo dawa ya maumivu iliyo bora kwa mtu wa warfarini, ila ikipita siku chache INR ipimwe. Kutokula na kuhara kulipunguza vitamini K. Kuhusu tangawizi na kitunguu saumu, ushahidi ni dhaifu kwa viwango vya chai ya nyumbani, sitavitundika lawama. Na juu ya yote kuna hatari ambayo INR haiioni kabisa: chembe sahani huokota serotonini kutoka kwenye damu na kuitumia katika kuziba jeraha. Dawa za kundi la fluoksetini huzifanya zikae tupu. Aspirini huzilemaza kwa njia yake. Kwa hiyo mtu mwenye INR ya 2.5 iliyo nzuri kabisa kwenye karatasi, akiwa kwenye fluoksetini na aspirini, anaweza kuvuja damu tumboni.

Kilichofanya kazi na kilichoshindikana

Kilichomwokoa ni agizo kusomwa na macho mengine kabla ya kutolewa, tena yenye mamlaka ya kulizuia. Sehemu nyingi mfamasia anaonekana kama mhesabu vidonge; kama ingekuwa hivyo siku ile, metronidazoli ingetolewa dakika tano baadaye. Kilichosaidia zaidi ni mfuko wa khaki. Orodha ya kichwani ilikuwa na dawa tatu, mfuko ulikuwa na sita, na pochi ilikuwa na ya saba.

Kilichoshindikana kilianza mapema zaidi. Hakuna aliyeuliza kikohozi kimetoka wapi. Zahanati iliyompa enalaprili haikumwambia kwamba akikohoa arudi, na maduka mawili yalitibu kikohozi cha dawa kwa dawa. Pia swali la "dawa nyingine unatumia?" liliulizwa angalau mara nne, dukani, kliniki ya moyo, mapokezi na wodini, likajibiwa kwa ukweli mara zote. Mama N. hakudanganya. Kwake warfarini ni sehemu ya presha na moyo, dawa anayomeza kila siku kama anavyokunywa chai; hakuona kwamba inahusika na kikohozi. Ile ya mawazo, nani angeitaja mbele ya foleni? Anayeuliza dirishani atapata zaidi akitaja vitu vyenyewe: "Una kadi ya kupima damu inavyoganda? Umewahi kupewa dawa ya usingizi, ya mawazo au ya mishipa ya fahamu? Unatumia dawa za TB sugu?" Hili la mwisho lina sababu yake: linezolidi, inayotumika kwa TB sugu, nayo hugombana na dawa zinazoongeza serotonini.

Jambo hili lina historia. Mwaka 1984 binti wa miaka 18 alifariki hospitalini New York baada ya kupewa pethidini, dawa kali ya maumivu, huku akiwa anatumia fenelzini kwa sonona. Kisa chake kilisababisha jimbo hilo kupunguza saa za kazi za madaktari walio mafunzoni. Pethidini bado inachomwa kwenye wodi zetu baada ya upasuaji, na wagonjwa wa dawa za sonona wanaongezeka.

Kwa anayekohoa akiwa kwenye warfarini au dawa za sonona, mtu mzima, kuna njia nyepesi: asali kwenye maji ya uvuguvugu, au dawa ya maji isiyo na dekstromethofani wala aspirini. Guaifenesini haina mgongano unaojulikana kuwa wa hatari na dawa hizi. Kodeini si mbadala mzuri, kwa sababu kimeng'enya kinachozuiwa na fluoksetini ndicho kinachoifanya kodeini ifanye kazi. Chupa zinazoletwa kwenye masanduku na ndugu kutoka Marekani zisomwe nyuma: herufi DM baada ya jina la dawa ni dekstromethofani. Zinazotoka Sweden zinaweza kuwa na noskapini, dawa ya kikohozi inayojulikana kupandisha INR. Na kikohozi kilichofika wiki mbili hakihitaji chupa ya tatu, kinahitaji kupimwa, kuanzia TB hadi orodha ya dawa za presha.

Linalobaki wazi

Kliniki ya moyo na kliniki ya afya ya akili hazioni mafaili ya kila mmoja, na sidhani dawa yake ni kuyafungua yote kwa kila mtu. Mama N. alikuwa na haki ya kuficha ugonjwa wake. Tulichokubaliana naye ni hiki: kwenye kadi ya warfarini iandikwe "sertralini 50 mg" pamoja na tarehe ya kuanza, bila jina la ugonjwa wala jina la kliniki. Binti akiisoma ataona dawa moja zaidi kati ya dawa za mama. Mfamasia, tabibu au muuza dawa akiisoma atajua cha kuepuka. Wagonjwa wengine watatu wa kliniki yetu waliopewa nafasi hiyo, kila mmoja peke yake nyuma ya pazia, wametaja dawa ambazo hazikuwa kwenye kadi zao. Wawili wamekubali ziandikwe, mmoja ameomba apewe muda.